Bwana Pole Anaweka Kikapu Chini

Baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi, karani wetu wa masjala, ambaye mgodi mzima unamjua kwa jina la Bwana Pole, anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Hesabu ya siku ni yake mwenyewe. Nilipomwambia inatosha kuandika miaka, alinijibu kwamba mtu aliyekalia kiti cha mbao bila mto muda wote huo ana haki ya kuhesabiwa mpaka siku.

Kamati ya sherehe imenipa kurasa mbili na sharti moja: wasifu uchangamshe, maana utasomwa watu wakiwa wanakula. Nimejitahidi. Lakini kazi ya Bwana Pole haikuwa ya kuchangamsha, na ndani ya faili lake kuna barua ya onyo iliyomwendea mtu asiyestahili. Aliyestahili ni mimi ninayeandika, mtunza vibao wa getini. Nimeijua barua ile kwa miaka kumi na tisa nikanyamaza. Sitaki astaafu nayo. Basi kuleni taratibu, na chakula kikikukwama, ruka ukurasa.

Kwa walioajiriwa juzi, nieleze. Kwa karatasi, Bwana Pole alikuwa karani wa mafaili, mwenye funguo za kabati na mhuri. Kazi iliyompa jina haimo kwenye mkataba wake. Kila mtu wetu alipofia chini, yeye ndiye aliyekwenda kuiambia familia. Hakuna aliyemteua. Alikuwa na miezi miwili kazini pale mwamba ulipoanguka kwa mara ya kwanza akiwepo. Karani mkuu wa wakati ule akashikwa na tumbo la ghafla, kama linavyowashika wakubwa, akampa kijana karatasi na kumwonyesha mlango.

Karatasi ilianza hivi: "Kampuni inasikitika kukujulisha." Alimkuta mama wa marehemu anakunja nguo. Mama hakujua kusoma, akamwomba amsomee. Akasoma yote mpaka kwenye mhuri. Mama alisikiliza, kisha akauliza, "Kampuni inasikitika? Imekaa wapi ikisikitika?"

 Bwana Pole aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaketi sakafuni na kumsaidia mama kukunja nguo zilizobaki, pamoja na shati la marehemu, mpaka majirani walipofika. Alipokuwa akirudi alinunua daftari la jalada gumu. Aliniambia hakununua kwa sababu ya huruma bali kwa sababu ya aibu. Alikuwa ametumwa kupeleka maneno, na hakujua hata moja lilikuwa na nini ndani.

Daftari hilo wengi wenu mmeliona kantini. Aliyathibitisha maneno yake kwa watu watatu: bibi yake mzaa mama, mwalimu mmoja mstaafu wa Kiswahili, na ustadhi aliyejua Kiarabu. Wakitofautiana, aliandika kauli zote na kuacha nafasi pembeni. Sisi tulimwona mtu wa ajabu. Mwenzetu mmoja wa karakana alimwuliza kama kuna neno la kumfariji mtu aliyepakuliwa maharage yenye mawe. Bwana Pole alilitafuta kweli, kwa dakika nzima, akasema hakuna.

Neno la kwanza mle ndani ni pole yenyewe. Aliandika kwamba ukoo wake ni mmoja na poa, poza na upole: ni neno la kupoza kitu kinachounguza. Ndiyo maana tunampa aliyejikwaa, anayeumwa, aliyerudi kazini amechoka, na aliyefiwa pia. Kosa si la neno, alisema, kosa ni letu. Tumelishika wote kila siku mpaka limelainika kama kitasa cha mlango wa kantini. Yeye alilipeleka mwisho, mtu akishalia, si mwanzo.

Msiba ulitoka kwa Waarabu, na asili yake ni kitu kinachopiga kikapata, kama mshale. Faraja nayo ilitoka huko huko, na chini yake mna habari ya mwanya, ya mahali palipobana pakafunguka. Neno hilo alitukataza kabisa kulitamka getini watu wakiwa bado wamefukiwa. Alisema mke wa mchimbaji akisikia habari za kufunguka atanyanyuka na kwenda kuangalia, na wewe utamrudisha kwa maneno gani? Taazia ni kumhimiza mtu astahimili. Hilo hakulipeleka siku ya kwanza. Mtu amefiwa saa moja iliyopita, halafu wewe unampa kazi ya kufanya.

Kubembeleza alikuweka ukurasa mmoja na bembea, akaandika kando kwamba wanawake hawahitaji kufundishwa hilo: wakimshika mfiwa, wanamyumbisha wenyewe. Ukurasa wa rambirambi una kichwa tu. Hakupata mtu wa kumwambia kwa uhakika lilikotoka, na hakupenda kubuni. Umebaki mweupe hadi leo.

Neno alilolipenda ni makiwa. Alipewa na bibi yake. Ni jamaa wa ukiwa na mkiwa, na watu wa zamani waliingia nalo msibani: mgeni anasema makiwa, mfiwa anajibu tunayo. Basi. Vijana siku hizi hujibu ahsante, au huangalia tu. Bwana Pole alisema maneno mengine yote yanaahidi kitu: kitapoa, patafunguka, utaweza. Hili haliahidi chochote. Linasema upweke umeingia humu, na mwenye nyumba anakiri kwamba ndiyo, umeingia. Akishajibu tunayo, alisema, unajua amekupokea, na unaweza kukaa.

Sasa kuhusu kikapu. Mtu mwenye kazi kama yake hawezi kutembea ovyo. Akionekana tu mwanzo wa mtaa wetu wa nyumba za kampuni, na lile koti lake la kahawia, milango ilianza kufungwa. Mwanamke mmoja alimwona akashtuka mpaka akapoteza mimba, na Bwana Pole alikuwa anakwenda tu kunyoa. Tangu siku hiyo hakutoka nyumbani bila kikapu cha ukili. Mtaa mzima ukajua: akiwa na kikapu, anakwenda sokoni, au kunyoa, au anakwenda zake, mwache apite. Akiwa mikono mitupu, kaa chini kwanza.

Alikibeba hata arusini. Nilimwona mimi kwa macho yangu, arusi ya binti wa msimamizi wa zamu, Bwana Pole ameketi safu ya pili amevaa tai, kikapu kitupu kimekaa kwenye mapaja. Aliitwa kupiga picha na maharusi akainuka, akakiacha kwenye kiti. Mama wa bwana arusi akapiga hatua mbili nyuma. Akarudi kukichukua. Kwenye picha kipo. Mke wake ndiye aliyekuwa akimkumbusha kila asubuhi mlangoni, kama wengine wanavyokumbushwa funguo.

Nimechekesha vya kutosha. Nifike kwenye barua.

Mnajua utaratibu wa vibao. Getini pana ubao wa misumari, na kila msumari una namba. Ukishuka unachukua kibao chako cha shaba na kukivaa, ukipanda unakirudisha. Msumari ulio wazi una mtu chini. Miaka ile palikuwa pia na mazoea ambayo hayakuandikwa popote, tukiyaita kuazimana. Mtu akiwa na shida na hana ruhusa, rafiki aliye mapumzikoni alishuka na kibao chake ili mwenzake asikatwe siku. Sheria ilisema mtunza vibao atakayeruhusu hilo anafukuzwa siku hiyo hiyo. Watunza vibao wote waliruhusu.

Asubuhi ile mlipuaji wa baruti alikuja dirishani kwangu. Ilikuwa siku yake ya kupumzika. Akanyoosha mkono, akachukua kibao namba mia mbili na kumi na nne, cha rafiki yake fundi wa pampu, akanikonyeza. Fundi wa pampu alikuwa akikohoa damu, na alikuwa amepanda basi la alfajiri kwenda hospitali ya mbali kupigwa picha ya kifua. Hakutaka mkewe ajue. Alimwambia ana zamu mbili mfululizo na atalala bwenini. Mimi nilitazama pembeni, kama kawaida.

Kabla ya saa sita, paa la handaki la tatu liliporomoka. Kumi na mmoja walitoka. Mhandisi alisema nyuma ya mwamba ule hawezi kubaki mtu hai, na ubao wangu ukabaki na msumari mmoja wazi.

Bwana Pole alikuja dirishani amekwisha kuvaa koti. Akaniuliza, "Ni nani?" Nikamwambia mia mbili na kumi na nne. Akanitazama. "Una uhakika?" Nikamjibu, "Msumari uko wazi." Sikusema uongo hata neno moja. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuua kwa kusema kweli. Nilikuwa na miezi kumi kazini, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa na siku tisa. Nilijiambia watamfukua sasa hivi, wataona ni nani, na kosa litajisahihisha. Hawakumfukua sasa hivi. Walichimba mpaka kesho yake mchana.

Kwa hiyo Bwana Pole alikwenda mikono mitupu kwenye nyumba ya fundi wa pampu. Mkewe alianguka. Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, fundi cherehani, mke wa mlipuaji. Mume wake hakuonekana, lakini hilo halikumtia wasiwasi: wanaume wote waliokuwa mapumzikoni walikuwa wameshuka kuchimba, naye aliamini yumo miongoni mwao. Alimchukua mwenzake, akamlaza mapajani, akamyumbisha usiku na mchana. Alichemsha maji, akapanga viti, akakanda waliozimia. Bwana Pole alisema hajapata kumwona mtu anayejua kufariji kama yule mama. Kuna sentensi yake kwenye daftari, ya siku ile ile: "Lia mwenzangu, mwili wako nitaushika mimi."

Kesho yake mchana fundi wa pampu aliingia uani kwake na bahasha kubwa ya hospitali kwapani. Hakuwa amesikia lolote. Alikuta watu wanamlilia.

Kelele zilizopigwa sitazieleza. Mkewe alizimia mara ya pili. Fundi cherehani ndiye aliyecheka, alicheka kwa furaha ya kweli, akamkimbilia shemeji yake, akamkumbatia, akampapasa uso kuhakikisha. Kisha akamshika mabega akamsogeza mbali kidogo ili amwone vizuri. Akamwuliza, "Kama wewe uko hapa, kule chini yuko nani?"

Fundi wa pampu aliangalia bahasha yake.  Yule mama alimwachia bega moja, halafu la pili.

Bwana Pole alifika akitembea kwa mwendo wa kukimbia. Akasimama mbele yake, akasema makiwa. Yule mama alimwambia, "Hilo nimelitumia tangu jana. Nimelimaliza." Akavuka kizingiti kuingia nyumbani kwake, mahali ambapo hapakuwa na mtu hata mmoja, kwa sababu waombolezaji wote walikuwa nyumba ya pili. Ikabidi wahamishe. Walibeba mikeka, wakabeba viti na sufuria, wakapitisha juu ya ukuta. Hata moto hawakuuzima, waliuhamisha.

Kwenye uchunguzi waliniita mimi na yeye. Mwenyekiti aliuliza ni nani aliyetoa namba. Nilifungua mdomo. Bwana Pole akatangulia: alisema aliusoma msumari mwenyewe, kwa haraka, wala hakumwuliza mtu. Nikaufunga mdomo. Alipewa onyo la maandishi, na ukarani mkuu, uliokuwa umeahidiwa kwake, ukaenda kwa kijana ambaye hadi anahama kituo alikuwa akitafuta herufi ya K baada ya M. Tulipotoka nje nilitaka kumshukuru. Aliniambia, "Nenda kamwone mtoto."

Hakuligusa tena jambo hilo na mimi. Nami nikaona amelisahau, maana ilinifaa kuona hivyo. Tangu siku ile sisomi tena misumari. Nasoma uso wa kila anayeshuka, namwita kwa namba yake, na asiyefanana na namba haingii ndani hata akilia. Wananiita Polisi. Sawa.

Fundi wa pampu aliishi miaka miwili na miezi minne, kisha kifua kikammaliza, wodini. Bwana Pole alikwenda mlango ule ule kumwambia mwanamke yule yule. Alimfungulia, akamtazama mikono, akamwuliza kama safari hii ana uhakika. Akasema ndiyo. Akampa kiti. Bwana Pole anasema katika miaka yote ya kazi hii ndiyo mara pekee aliyopewa kiti kabla hajafungua kinywa, na hakuwahi kuketi mahali pagumu kama pale.

Kwa fundi cherehani alikwenda kila mwaka. Tarehe ile ile, bila kikapu. Alisimama kwenye mlango wa kibanda chake cha kushonea, akasema makiwa. Yule mama hakumfukuza wala hakumjibu. Aliendelea kushona. Bwana Pole alisubiri muda ambao kikombe cha chai kingepoa, kisha akaaga na kuondoka. Mara kumi na nane. Baadhi yenu mlisema ni kiburi, kwamba anamtonesha mwanamke wa watu kidonda. Niliwahi kulisema hilo mimi mwenyewe, kantini, mbele za watu. Mungu anisamehe.

Miezi minane iliyopita mke wa Bwana Pole alifariki. Tulikwenda wote, mnakumbuka. Tulipanga foleni, na mmoja mmoja tukamwambia pole sana mzee, pole sana mzee, watu sitini, naye akaitikia ahsante mara sitini. Kisha meneja akasoma barua ya kampuni. Nusu yetu hatukujua, lakini barua ile aliitunga Bwana Pole mwenyewe zamani, kama kielelezo, na kilichobadilishwa ni jina tu. Alisikiliza yake mwenyewe ikisomwa mpaka mwisho: kampuni iko pamoja nawe katika kipindi hiki kigumu. Baadaye, tukiwa wawili, aliniambia kuna neno moja alipaswa kulitoa miaka mingi iliyopita. Nikauliza lipi. Akasema, "Kipindi. Kipindi kengele ikilia kinakwisha."

Siku ya nne watu walikuwa wamepungua. Nilikuwa uani naosha vikombe. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na nikamwona fundi cherehani amesimama pale. Ametoka mbali, viatu vina vumbi. Hakuwa na pochi, wala mfuko, wala kitambaa cha mteja. Alikuja mikono mitupu, na mikono ile aliiweka mahali inapoonekana.

Akasema, "Makiwa."

Bwana Pole alikuwa amekaa chini. Aliitazama mikono ile. Akasema, "Tunayo."

Akaingia, akaketi. Sikusikia wakiongea jambo lolote la maana. Waliongea habari za paa linalovuja. Mimi nilisimama na kikombe kinachochuruzika maji, nikalia kama mtoto, nikajifuta kwa taulo la vyombo. Yule mama alipokuwa anatoka alinipita uani. Nilikuwa nimempelekea chai. Akaniambia, "Ahsante baba, Mungu akuzidishie." Mimi! Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na ndiyo sababu niliiomba kamati iniachie wasifu huu, wakidhani ni kwa sababu ya urafiki.

Sikutaka yule mama asome habari zake kwenye kijitabu cha sherehe. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kwake. Sikubeba kitu. Alipoona mikono yangu aliniambia, "Nawe umejifunza mambo ya mzee." Nikamweleza yote: dirisha, kibao, msumari, mtoto wa siku tisa, mwenyekiti, mdomo nilioufungua nikaufunga. Cherehani ilisimama. Nilitegemea matusi, ningeyapokea. Aliniuliza swali moja tu.

"Alipokichukua kile kibao, alikuwaje?"

Nilimwambia alikuwa anacheka. Nilimwambia alinikonyeza, na kwamba alikuwa amekunja mkono mmoja wa shati na mwingine hakuukunja. Yule mama akaitikia kwa kichwa kuhusu mkono wa shati, kama mtu anayemtambua wake. Nikamwomba ruhusa ya kuandika. Akasema, "Andika. Ila safari hii andika ilivyokuwa."

Ndipo nikasema makiwa. Cherehani ikaanza tena. Nilisubiri muda wa kikombe cha chai kupoa. Hakunijibu. Nikaaga, nikaondoka.

Nitarudi tarehe yake ikifika, na mwaka unaofuata, na unaofuata. Zamu hiyo sasa ni yangu, na ndiyo zawadi yangu ya kustaafu kwako, Bwana Pole. Ile saa ya ukutani ni ya kamati. Barua yangu ya kukiri ipo mezani kwa meneja tangu Jumatatu, na nimeomba ile ya onyo itolewe kwenye faili lako na kuwekwa kwenye langu. Litakalonipata limenistahili tangu zamani.

Kwa niaba ya wote walioshuka na wote waliobaki juu, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa mama aliyesaidiwa kukunja nguo. Tunakushukuru kwa milango mia na zaidi uliyoibisha wakati sisi tulijificha nyuma ya karatasi yenye mhuri, na kwa kutokubuni pale usipojua. Daftari umeniachia; ukurasa wa rambirambi nitautunza mweupe mpaka nimpate anayejua. Kikapu nacho kiache getini, kwenye msumari wa kwanza. Kuanzia tarehe moja nitakibeba mimi, na siku nisipokuwa nacho, wakinikimbia shauri yao.

Tunakutakia maisha mema, na miguu ya kuyatembelea. Pita katikati ya mtaa na mikono yako miwili mitupu, na atakayekimbilia mlango mwambie kwa sauti kwamba umestaafu. Anzia kwangu, Jumapili, saa kumi alasiri. Chai itakuwa tayari. Usibishe sana, yule mtoto wa siku tisa ana miaka kumi na tisa sasa, nimemweleza wewe ni nani, na amesema mlango atafungua yeye.